Ruthi Alikuwa Shighatini

Wilbard wa Myamba ni mkulima wa tangawizi anapokuwa shambani, na mwanamuziki popote pengine, hata pale asipotakiwa. Tarumbeta alijifunza kwenye bendi ya kanisa, akaondolewa kwa kosa la kutia madoido yake kwenye nyimbo za mazishi. Wafiwa walikuwa wanalia huku mabega yanacheza, na wazee wa kanisa hawakupendezwa. Ndipo alipounda bendi yake, Tangawizi Jazz, na bendi hiyo ikatoa albamu iliyomfanya mtu mkubwa kutoka Myamba mpaka stendi ya Same. Albamu ya kwanza ikipendwa, watu hudai ya pili. Kwa Wilbard, aliyeidai kwa ukali kuliko wote alikuwa mke wake, Ruthi.

Kisa chenyewe ni hiki. Mama yake Ruthi, huko kwao Shighatini, alianguka akavunjika nyonga, na Ruthi akaenda kumuuguza. Kutoka Myamba ni kushuka mpaka Same, kushika barabara kuu hadi Mwanga, kisha kupanda mlima mwingine kwenda Ugweno, iliko Shighatini. Si mahali pa kwenda asubuhi na kurudi jioni. Akakaa huko msimu mzima wa vuli. Wilbard, ambaye tangu aoe hakuwahi kujua chumvi inakaa wapi, alishikwa na upweke uliochanganyika na njaa, akatunga wimbo, "Ruthi Rudi", ndio uliobeba albamu ile ya kwanza. Ndani ya wimbo huo Ruthi anafunga mizigo alfajiri, jiko limepoa, na mume analia mlangoni. Habari za nyonga ya mama mkwe hazimo. Ukimuuliza, Wilbard atakuambia hakusema uongo, alipunguza maelezo tu, maana nyonga haiingii kwenye dansi.

Ruthi alizipata habari za wimbo huo akiwa njiani kurudi nyumbani. Konda wa basi pale Same alimpokea mzigo, akamtazama kwa huruma.

"Mama, umefanya vizuri kurudi," akamwambia. "Mzee ameteseka sana."

Sokoni ilikuwa vivyo hivyo. Wanawake waliompimia maharage walimnong'oneza kwamba ndoa ni kuvumiliana. Madereva wa bodaboda walimwimbia akipita. Yeye ambaye alikuwa amemwogesha mama yake na kumgeuza kitandani msimu mzima, akawa mkimbizi wa ndoa anayejulikana tarafa nzima. Iliuma, na haki yake kuumia.

Alijikaza mpaka Jumapili mchungaji alipoiombea ndoa yao mbele ya kanisa lote, tena kwa majina. Jioni ile alimwekea mumewe chai, akaketi mbele yake.

"Baba Priska, mimi nimewahi kukukimbia?"

"Hapana, mama."

"Basi albamu ya pili iseme hivyo. Umenichafua kwa muziki, nisafishe kwa muziki. Usiponisafisha nitaondoka kweli, ili wimbo wako usiwe wa uongo."

Wilbard alicheka. Alipoona mwenzake hacheki, akaiacha chai akaenda kutafuta kalamu.

Akaingia kazini kwa hofu. Safari hii aliamua kusema ukweli mtupu, akatunga wimbo wenye nyonga, plasta, dawa ya kuchua na jina la kijiji. Akashuka nao Same kwa Abdulmajid, kijana mwenye studio aliyeirekodi albamu ya kwanza. Abdulmajid alisikiliza mpaka mwisho, akavua spika za masikioni taratibu.

"Shikamoo tena, mzee wangu, maana nataka kukuambia jambo gumu."

"Marahaba. Sema."

"Huu siyo wimbo, hii ni taarifa ya hospitali. Watu wanataka 'Ruthi Rudi' nyingine. Ruthi aondoke tena, ila sasa aondoke na mwanaume. Hiyo itabamba mpaka Mwanga!"

Wilbard aliiona ndoa yake inaungua hapo hapo studio. Akaaga, akapanda mlima kurudi nyumbani, na alipoingia chumbani akakuta begi kubwa la safari limeshushwa kutoka juu ya kabati. Lilikuwa tupu, limekaa sakafuni, zipu wazi. Wilbard akaliruka, akaenda kulala.

Kukapambazuka hajala hata kitu. Alichukua tarumbeta, akapanda kile kilima kilicho nyuma ya nyumba, mahali ambapo sauti inashuka mabondeni bila kizuizi. Alitaka kuutafuta mwanzo wa wimbo mpya. Akavuta pumzi akapiga sauti moja ndefu, nzito, iliyoanzia chini ikapanda. Aliipenda. Akairudia, na tena.

Sasa, kichwa chake kilikuwa kimejaa begi, akasahau kitu ambacho hata mtoto wa Upare anakijua. Pembe ikilia alfajiri juu ya kilima, ni msaragambo: kijiji chote kinaitwa kwenye kazi ya pamoja, na asiyefika ana kesi. Alipofungua macho aliona watu wanapanda kutoka pande zote, majembe begani, akina mama na karai zao, wengine wanamalizia kufunga vifungo vya mashati. Mbele yao alikuwa Elibariki, mwenyekiti wa kitongoji, anahema.

"Wilbard, nani kakuruhusu kuita msaragambo?"

"Sikuita, Mwenyekiti. Nilikuwa natafuta albamu ya pili."

Watu wakatazamana. Mmoja akauliza kama hiyo albamu ilipotelea huku mlimani, ili waanze kuchimba. Elibariki hakucheka. Msaragambo ukiitwa hauvunjwi, akasema. Aliyeita aonyeshe kazi, la sivyo ajibu kwa kuuchezea mwito wa wazee. Macho yakaanza kung'aa, maana sisi Wapare tukishanusa kesi, shamba linaweza kusubiri. Wilbard akageuka huku na huku. Hakuwa na kazi ya kuonyesha. Alikuwa na tarumbeta tu.

"Kazi ipo," sauti ikasema nyuma yao.

Alikuwa Ruthi, khanga kiunoni, jembe mkononi. "Ndiva imejaa tope tangu mvua zilizopita. Mnaipita kila siku mkilalamika maji hayafiki mashambani. Twendeni."

Wakashuka mpaka kwenye ndiva, lile bwawa la mababu linalokusanya maji ya mifereji, wakaingia tope magotini. Kazi ya namna hiyo haiendi bila wimbo, na kwa kuwa Ruthi ndiye aliyetoa kazi, wimbo ulikuwa wake kuuanzisha. Akapiga jembe, akauliza kwa sauti:

"Ruthi alikuwa wapi?"

Watu wakainamia tope. Jirani yake mmoja, aliyewahi kumpelekea Wilbard ugali, akajibu kwa haya: "Shighatini."

"Sijasikia! Alikuwa wapi?"

"Shighatini!" wakaitikia wote, na majembe yakashuka pamoja.

"Kumfuata nani?"

"Mama yake!"

"Na nyonga ya mama?"

"Imepona!"

Ikapona mara nyingi asubuhi ile. Kumbe nyonga inaingia kwenye dansi bila taabu, ikikutana na watu wenye majembe. Wilbard alisimama ukingoni akimsikiliza mkewe, akaona aibu ya kweli, ile inayochoma masikio. Kisha akainua tarumbeta akaufuata wimbo ulikokwenda. Ruthi akamtupia jicho, akaongeza ubeti:

"Na Wilbard alikula wapi?"

"Kwa jirani!"

"Na ugali wake mwenyewe?"

"Mbuzi walikataa!"

Abdulmajid ilimbidi apande mwenyewe kwa pikipiki na vinasa sauti vyake, kwa kuwa ndiva haishuki Same. Albamu ya pili ilipotoka, wimbo wake wa kwanza ulikuwa huo. Sasa sokoni Ruthi anaulizwa hali ya mama yake. Wilbard naye hawezi kupita stendi bila makonda kumpigia kelele, "Mzee, umekula?" Anajibu kwamba amekula, na anajibu kwa furaha, maana anajua aliyempikia yupo.

Juzi alikuta lile begi limejaa. Akaziba mlango.

"Mama anataka kuusikia wimbo wake," Ruthi akasema akifunga zipu. "Nitarudi. Chumvi iko kwenye kopo la bluu. Na usitunge kitu."

Wilbard akaapa. Alimsindikiza mpaka kwenye basi, akampungia mkono hadi lilipopotea konani, akarudi nyumbani. Nyumba ilikuwa kimya kweli. Akavumilia mpaka saa ya chai, kisha akalitoa tarumbeta kwenye mfuko wake, kwa nia ya kulifuta vumbi tu.

Kidomo chake cha kupulizia hakikuwepo. Ruthi alikuwa ameondoka nacho.