Hamadi Aliyeniomba Radhi

Wallahi siongezi chumvi. Jambo hili lilinipata nyumbani kwangu Wawi, mchana, jua linawaka, nami nina akili zangu zote.

Nilikuwa nimetoka kwenye bendi. Tulikuwa wanne, tunapiga roki, magitaa ya umeme mpaka mabati yanatetemeka. Mkubwa wetu alikuwa Hamadi, mpiga besi. Siku moja alisema mbele za watu kwamba naimba kama mbuzi aliyesahauliwa juani. Nikabeba gitaa langu nikaondoka. Nikaapa nitatoa kaseti yangu, nyimbo sita, bila msaada wa mtu, na itaitwa *Peke Yangu*.

Wiki ile umeme ulikatika. Sikujali, nilikuwa na gitaa la mbao na redio ya kaseti ya betri. Nikajifungia ukumbini, nikamwomba mke wangu azuie kuku na wageni. Lo! Wimbo wa kwanza ukatoka mwembamba. Unaujua wimbo wa roki usio na besi? Ni pweza asiyetiwa nazi.

Mara nikasikia hodi. Hamadi! Kabeba besi yake na spika. Akakaa kitako, macho chini.

"N'samehe, ndugu yangu," akasema. "Unaimba vizuri. Nilikuonea wivu tu."

Hebu fikiri! Miaka yote namjua Hamadi, hajapata kumwomba radhi mtu, hata siku alipomkanyaga bibi arusi. Nililia, sikufichi. Nikamsamehe, tukarekodi nyimbo zote sita. Besi ilinguruma mpaka vikombe vikacheza kabatini. Tulipomaliza akakataa chai, akaaga, akaenda zake na vyombo vyake.

Mke wangu akachungulia. "Baba Khamis, umeme umerudi saa ngapi?"

Nikabonyeza swichi. Taa haikuwaka. Hapo ndipo nilipokumbuka waya wa ile spika: muda wote ulikuwa umelala sakafuni, haukuchomekwa popote.

Nilichukua kaseti na redio nikakimbia mpaka kwa Hamadi, mguu mmoja kiatu changu, mwingine kandambili ya mke wangu. Nikamkuta kitandani, homa siku ya tatu, mama yake anamkanda.

"Nimekuomba radhi, mimi?" Akainuka kwa hasira. "Sikuombi radhi hata nikifa! Na mbuzi ni wewe, bado nasema!"

Nikamwekea kaseti. Akasikiliza, vidole vyake vikiifuata besi juu ya shuka.

"Vidole ni vyangu," akanong'ona. "Lakini pale kwenye wimbo wa nne, pale mimi sipawezi."

Mama yake akaanza kusoma Ayatul Kursi, akasoma mpaka sauti ikamkauka.

Kaseti ilitoka, na watu waliipenda. Lakini kila aliyenialika alitaka besi ile ile. Ikabidi Hamadi akae na redio miezi mitatu, akijifunza besi yake mwenyewe. Sasa tunapiga pamoja tena. Mpaka leo hajaniomba radhi, nami simwombi aniombe. Siku akifanya hivyo nitatorokea dirishani.

Na wewe, kama una mtu mmegombana, ukamwona ghafla mlangoni kwako, mpole, sauti ya asali, usimkumbatie upesi. Mtukane kidogo kwanza. Akikurudishia tusi, mkaribishe ndani. Huyo ni binadamu.