Barua za Clemens

Pantaleo, fundi mwashi wa Ushirombo, alikuwa mtu wa kushuku hata kivuli chake. Hakuzaliwa hivyo. Ujanani aliuziwa kipande cha shaba akiambiwa ni dhahabu, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Serikali ilipotangaza kuhamishia makao makuu Dodoma, mgeni mmoja alipita kijijini akitafuta watu wa ujenzi. Pantaleo alimpa mkono, akakuta kiganja laini kama cha padri.

"Huyo hajawahi kushika hata koleo," alimwambia mdogo wake Clemens, aliyekuwa akimchanganyia udongo kazini. "Atawauza nyie."

Clemens akaenda. Mwaka uliofuata ikaja barua: Kaka, huku wanajenga kila upande. Nimepata kiwanja, ila nimepewa miezi kumi na minane niwe nimeinua nyumba, la sivyo apewe mwingine. Mimi ni wa zege tu, mwashi ni wewe. Njoo tujenge, nusu ni yako.

"Tangu lini Clemens akajua kuandika?" Pantaleo alimuuliza mkewe, Paskazia. "Hajakanyaga darasa huyo."

"Labda kaandikiwa, Baba Mageni."

"Basi aliyemwandikia ndiye tapeli mwenyewe. Nikipotelea huko na vifaa vyangu, nani atanitafuta?"

Paskazia alimsihi ajibu walau mistari miwili. Wapi! Barua ya pili aliichana. Ya tatu hakuifungua kabisa. Aliiwashia tanuru la tofali, kisha akaenda kilabuni kujisifu kwamba wajanja wa mjini kwake wamegonga mwamba.

Baada ya mavuno ya mwaka 1977 Clemens alirudi, amekonda. Kiwanja kilikuwa kimekwenda kwa mtu mwingine.

"Shikamoo, kaka. Mbona ulininyamazia?"

"Marahaba. Wewe hujui kuandika, Clemens. Ningeaminije?"

"Nilijiunga na elimu ya watu wazima, kule kule kambini. Jioni, baada ya zege."

Pantaleo aliona aibu, lakini ubishi haukumtoka. "Ungemwambia hata mwalimu wako aongeze neno, anithibitishie."

"Alitaka kunisaidia. Ile ya kwanza ilinichukua wiki mbili, akanionea huruma. Nikamkatalia, kaka. Nilimwambia nakujua: ukihisi kuna mkono wa mtu mwingine, hutakuja."