Gauni Lililoanikwa Juani

Baba alikuwa fundi wa kuandika mabango ya maduka, na wivu wake wote aliumalizia kwenye picha moja. Sebuleni kwetu ilitundikwa picha ya mama akiwa msichana, amevaa gauni jekundu, iliyochorwa na mchumba wake wa zamani. Baba alikula chakula akiwa ameipa mgongo.

Rangi alizijua. Alitusimulia kwamba zamani nyekundu ilitolewa kwenye mizizi na wadudu, mpaka wanakemia walipoipata kwenye lami ya makaa ya mawe. Nyekundu hizo za kiwandani ziling'aa ajabu, lakini nyingi za bei rahisi zilikufa juani. Ndiyo maana kila kopo jipya alilijaribu kwanza: alipaka mstari kwenye kadi, akaufunika nusu, akaiweka kadi dirishani.

Siku moja alilikazia macho lile gauni, akatabasamu peke yake, akaihamishia picha kwenye ukuta unaotazamana na dirisha.

"Hapa inaonekana vizuri," alimwambia mama.

Mwongo mkubwa! Alikuwa ameitambua ile nyekundu.

Jua likafanya kazi yake. Gauni likawa la waridi, kisha likabaki kama maji ya kuoshea brashi, na baba akanenepa kwa furaha. Ila jambo moja lilimkata maini. Uso ulichorwa kwa rangi za udongo, ambazo jua haliziwezi. Gauni lilivyozidi kufifia, ndivyo uso ulivyozidi kujitokeza, ukimchekea yule bwana aliyeuchora.

Baba akapanda kiti aitoe picha.

"Iache hapohapo, baba watoto," mama akasema. "Si umeianika mwenyewe?"

"Mimi? Nianike nini?"

"Kadi zako nazipangusa vumbi kila siku pale dirishani, halafu unadhani sijui? Nilikuacha makusudi. Nikasema, gauni la yule likishafutika, mume wangu atanichora lake. Maduka yote umeyapaka, mimi hata mstari!"

Baba alishuka kitini. Akamkalisha mama kwenye kigoda, akasimamisha ubao mtupu mbele yake, akafungua kopo la nyekundu isiyopauka, ile aliyowanyima hata wateja wake. Gauni lilitoka zuri kuliko la kwanza. Lakini alipofika usoni, macho yake yakawa yanakimbilia ukutani, kuchungulia mwenzake alifanyaje.

"Mimi niko hapa," mama akasema.