Salamu Tulizomupa Maiti Muzima

Bantu ba Lilongwe baliona jipo yangu. Naanza na hiyo ili mutu asihangaike kutafuta aibu iko wapi. Aibu njo hiyo, jipo, ile nguo bamama tunavaaka chini ya kikwembe, hii kitenge ya kujifunga, na yangu niliishona na gunia ya unga ya mugao, gunia nzuri, nilikuwa nimeifula mpaka ikawa laini kama ya duka, lakini kwa nyuma maandishi ilikatalia pale pale na ilikuwa inasema kwamba kitu hii hairuhusiwi kuuzwa. Sasa mukimaliza kucheka niwaambie vile ilifika mbele ya bantu.

Ilianza na Kizito. Huyu Kizito, mwandishi wa teatre ambaye leo munasikia jina yake, mi namujua tangu hajaota meno. Mama yake, Nsimire, alikuwa jirani yangu kule Kadutu, Bukavu, alikuwaka anauza mandazi mbele ya mulango yangu, na wakati tulikimbia alikufa kwa njia, tukamuzika pale tulikuwa, tukaendelea na Kizito akiwa na kimo cha ndoo. Hapa Dzaleka, kambi ya bakimbizi ya Malawi, alikomaa, akasoma kidogo, na kisha akaanza hii kazi yake ya kuandika mambo ya bantu na kuweka bantu wengine bayacheze.

Muchezo yake ya kwanza iliitwa Zamu Yangu: bamama bawili wanagombana kwa pompi ya maji, kila mumoja anasema ndoo yake njo iko mbele. Tuliionea kwa kiwanja ya kanisa, rido, pazia ya jukwaa, ilikuwa shuka ya Mama Furaha, na kabla hata haijaisha bamama bawili ba kweli bakasimama kati ya bantu bakaanza kupigana, juu kila mumoja alisema ni yeye Kizito ameandika. Ya pili ilikuwa Mukwe Bila Kiti, hiyo bantu balikuja mpaka toka Dowa kwa kabaza, baiskeli za kubeba bantu, mutu mbele na mutu nyuma, kuona mukwe anazunguka nyumba ya bakwe yake akitafuta pa kukaa. Jina ya Kizito ikaenda. Ikafika Lilongwe.

Huko, karibu na Old Town, bakamupatia sale, ukumbi ya kucheza, kwa siku moja. Na bakamwambia mama moja wa Blantyre atakuja kuangalia, Mama Tamanda, yeye njo alikuwa anachagua michezo ya kupeleka katika sale kubwa ya kule. Akipenda, Kizito anaenda Blantyre na bantu bake, anapata pahali pa kufanyia kazi kama mutu mukubwa. Asipopenda, tunarudi kwa shuka ya Mama Furaha. Hakuna mutu Dzaleka hakujua hiyo. Hata muchungaji aliiombea.

Muchezo yenyewe iliitwa Muzee Amelala. Ilikuwa ya kuchekesha. Muzee mumoja anajifanya amekufa, ili asikie familia itasema nini juu yake, basi bibi yake analia, majirani wanakuja, wanaanza kugawana vitu, na bibi katikati ya kilio anauliza, «Na ile mbuzi yake, nani ataikula?» Pale pale maiti inaruka inasema, «Mimi mwenyewe!» Bantu wanacheka, halafu kunakuwa na kesi kati ya muzee na familia yake mpaka mwisho. Nzuri kabisa. Kizito alinifuata nyumbani.

«Koko,» akaniambia (njo vile bajukuu wanatuitaka kwetu), «nataka we njo uwe bibi ya muzee. Hakuna mutu katika kambi hii analia kama wewe.»

Hiyo kweli. Mi shule niliiachia pa kuandika jina yangu, lakini kilio najua. Nikakubali. Shida ikaja kwa repetisyo, siku tulianza kujaribu.

«Muzee anaitwa Kalinga,» Kizito akasema. «Koko, lia.»

Nikamwambia, «Kalinga gani? Kalinga mutoto ya Mariamu? Yule iko Uvira, anapumua.»

«Koko, ni jina tu.»

«We Kizito, mama yako hakukufundisha? Mutu muzima habamuliaka. Ukimulia umemwitia kifo.»

Akabadilisha, akaweka Bisimwa. Bisimwa njo anashona viatu nyuma ya soko, asubuhi ile ile nilikuwa nimemusalimia. Akaweka Rukundo, nikamupa Rukundo ya kule kwa Barundi, ule wa jicho moja. Akaweka jina ya Kichewa, Muzee Chisomo, na mi nikamukumbusha Chisomo anauza nyanya kwa soko ya Tsoka na bibi yake iko na mimba. Kizito akashika kichwa. (Si kosa yangu kama najua bantu. Majina njo kitu pekee nilitoka nayo Bukavu bila kuibiwa kwa njia.)

Na kukawa na shida ingine: hakuna mwanaume alikubali kulala pale akililiwa. Bote balikimbia. Mumoja alisema bibi yake atamwacha. Mwisho Kizito akasema, «Basi mimi mwenyewe nitakuwa maiti, na wewe koko, lia jina yoyote unapenda, ila usisahau mbuzi.»

Lia jina yoyote unapenda. Mi nikaenda kulala na hayo maneno, na asubuhi nilikuwa nimekata shauri: nitalia Petro, bwana yangu, ule alikufa kweli, namujua, hatakasirika. Uamuzi ndogo tu. Njo huo ulituzika.

Siku ikafika. Tulipata ruhusa ya kutoka kambini, tukapanda basi moja, bachezaji mbele na bamama ya kambi nyuma juu bote balitaka kuona Lilongwe na kuona Kizito akichaguliwa. Sale ilijaa. Bakongomani, Barundi, Bamalawi, na katika mustari wa kwanza Mama Tamanda, mama munene mwenye heshima, viatu vya kisigino, mukoba juu ya magoti. Rido ya kweli ikafunguka. Kizito iko chini kwa mukeka, amefunikwa shuka mpaka kichwani. Mi nikaingia nikifunga kikwembe kwa kiuno vile tunafungaka ku kilio, nikakaa kwa kichwa chake, nikaanza.

«Petro wee! Petro bwana yangu wee, umeniacha na nani?»

Kwanza ilikuwa muzuri. Bantu balinyamaza, na bengine balicheka kidogo vile nilipiga mikono chini. Lakini kwetu kilio haiko jina moja. Mutu akienda, anaendaka na salamu. Wale balimutangulia bako kule banangoja habari, huwezi kumwacha maiti aende mikono mitupu, ni matusi. Kinywa yangu ikaenda yenyewe. «Petro, ukifika umusalimie dada yako Faida. Umwambie nyumba ya Kadutu hatujauza. Umusalimie Baba Kalume, umwambie ule mutoto wake alitembea. Umusalimie Vumilia, na Sezari, na Mama Sezari...»

Chini ya shuka nikasikia sauti ndogo: «Koko. Mbuzi.»

Nilisikia. Lakini ningemwacha Mwamini, alikufa na kipindupindu mikononi mwangu? Ningemwacha Ndagano? Nikaendelea.

Halafu nyuma kwa sale Mama Furaha, yeye mwenye shuka, akasimama na machozi: «Koko! Amusalimie na mama yangu Zawadi! Amwambie nilizaa mapacha!»

«Petro, ukifika umusalimie Zawadi,» nikasema, «Furaha alizaa mapacha.»

Ningefanya nini, ningemukatalia?

Na hapo ikafunguka. Mama mumoja akasimama huku, mwingine kule, kila mutu iko na wake, na kwa sababu mbali hawasikilizani bakaanza kuja mbele, bakavua viatu, bakapanda jukwaa, bakakaa chini kuzunguka mukeka. Barundi bakaja. Bamalawi balituangalia wakashangaa, lakini Mumalawi akiona kilio haulizaka mara mbili: mama mumoja akatoa chitenje katika mukoba wake, akajifunga, akaja kukaa, na bengine bote nyuma yake, maana hakuna mwanamuke wa Malawi anatembeaka bila chitenje. Bababa bakatoka nje bakasimama kwa ukuta, kofia mikononi, kama kwa maliro, matanga ya kweli. Bachezaji yetu, bale balitakiwa kugawana vitu vya marehemu, balisimama na sufuria na godoro mikononi, mumoja akaweka sufuria chini polepole akaanza kulia pia.

«Koko, nakuomba,» maiti inasema chini chini, «mbuzi, sema mbuzi, koko, nakufa.»

«Kaa kimya,» nikamwambia, «bantu bako kwa mustari.»

Njo nikaona Mama Tamanda anasimama. Nikafikiri anaenda zake. Hapana. Alivua vile viatu vya kisigino, akafunga chitenje, akapanda, akapiga magoti kando ya shuka na akaweka mukono pa kifua ya maiti. Akasema kwa Kichewa, pole pole, na mi Kichewa ya soko nasikia: alikuwa na kaka yake, Chikondi, alikufa akiwa safarini na yeye hakufika kumuzika. Akamwambia maiti amwombee musamaha kwa Chikondi. Akasema mambo ingine ya nyumbani kwao ambayo mi sisemi. Maiti haikusema tena mbuzi.

Na mi, mujinga, badala ya kufunga pale, nikakumbuka nimesahau mutu. Huyu amelala hapa iko na mama yake kule. Nikasema, «Na umusalimie Nsimire, muuza mandazi. Umwambie mutoto wake Kizito amekuwa mutu mukubwa, anaandika, leo bantu bametoka Blantyre kumuangalia.»

Shuka ikaanza kutetemeka. Kwanza kwa miguu. Bamama ya karibu bakasogea nyuma. Ikatetemeka mpaka kifuani, chini ya mukono ya Mama Tamanda, na kisha Kizito akaketi, shuka kichwani, akilia sauti ya juu kama mutoto: «Mama wee!»

Siwezi kuwaambia nani alikimbia kwanza. Kila mutu katika sale ile alikuwa amesahau kwamba tulikuja kwa muchezo, mimi nikiwa wa kwanza. Viti vilianguka, Barundi baliita Yesu kwa Kirundi, bababa kwa ukuta balikimbilia barabarani, na Mama Furaha, akitafuta kitu ya kushika asianguke, alishika kikwembe yangu akaenda nayo mpaka mulangoni. Mi nikabaki katikati ya jukwaa, chini ya mataa, nimesimama, na nikageuka kumutafuta, yaani nikawapa mugongo bale balibaki. Mutu akasoma kwa sauti maandishi ya jipo. Nikasikia kicheko. Ilikuwa kicheko ya kwanza ya nguvu siku ile, na Kizito hakuiandika.

Mama Tamanda hakukimbia. Alikuwa ameanguka na matako, akainuka, akamuangalia Kizito bila shuka sasa, macho mekundu, unga usoni (tulimupaka unga aonekane maiti).

«Salamu zangu,» akamuuliza, «nimempa nani?»

Kizito akaanza kupangusa unga usoni. 

Mi nikajaribu kusaidia, mikono nyuma nikificha maandishi. «Mama, Petro yangu iko kule kweli. Atazifikisha.»

Akaniangalia, akaangalia jipo, akatafuta viatu vyake. Mulangoni akageuka, akamwambia Kizito kwa adabu, pepani, yaani pole, Blantyre bantu wanalipa kiti kusudi bacheke, na yeye hakuja Lilongwe kumuzika kaka yake ili maiti iamuke. Akaenda. Nusu ya pili ya muchezo, kesi ya muzee na familia, hakuna mutu ameiona mpaka leo.

Katika basi hakuna aliimba. Karibu na kufika, Kizito akasema, bila kugeuka, «Koko, sikujua kama mama alikuwa anauza mandazi.»

«Na chai,» nikasema.

Basi. Blantyre haikuita tena. Kizito alirudi kwa shuka, akaandika, na pole pole, miaka ikipita, Lilongwe ikamukubali tena: Ndugu Watatu na Sufuria, Harusi ya Mulango Mubaya, Daktari Hana Sindano, na zingine, zote nimeona, nakaa nyuma kabisa. Mukiangalia vizuri mutaona kitu. Katika zote hizo hakuna mutu anakufa. Bantu wanagonjwa mpaka unasema sasa huyu kwisha, halafu anaamuka anaomba ugali. Wanapotea, wanarudi. Muzee ya Daktari Hana Sindano aliangukiwa na ukuta akatoka kwa upande mwingine.

Kuna siku, kisha ya muchezo, kijana mumoja wa universite akasimama akamuuliza mbele ya bantu bote: «Bwana mwandishi, mbona unakataa kifo? Ni imani yako ama ni mateso tulipitia?»

Kizito akasema, «Kuna mutu namuogopa.»

Bantu bakapiga makofi sana. Bengine balifuta machozi. Mi nikaangalia chini nikatafuta kitu katika mukoba.

Jukwaa sitapanda tena, hata banibebe. Na kilio za kweli bado wananiitaka, naenda, siwezi kukataa. Lakini sasa nikifika, kabla sijafungua kinywa, kabla ya jina hata moja, ninapitisha mukono chini ya shuka, nagusa muguu. Ikiwa baridi, nalia.