Kengele ya Mama

Mama alipotolewa uvimbe shingoni, daktari alimkataza kuongea kwa majuma mawili. Majirani wa Voi walinipa pole mimi, eti nitakosa wa kunigombeza. Hawakujua mama ana daftari na kalamu. Shida ni kwamba chumba chake kiko nyuma, na mimi, mtu ambaye hatoki nyumbani, hata sokoni hutuma watu, makao yangu ni jikoni. Kidonda kikianza kuvuja, angeniitaje?

Nikafungua simu ya kuchezea ya mpwa wangu, ile inayoimba ukiibonyeza. Ndani mna kisahani chembamba cha shaba, kimepakwa kitu cheupe kama chokaa. Nikarefusha nyaya: kitufe kitandani kwa mama, kisahani jikoni. Ili kiwe imara nikakigandisha chote ukutani kwa gundi. Mama akabonyeza. Kimya. Akaandika: "Na shule tulikupeleka."

Nilimpigia binamu yangu, fundi wa redio huko Taveta. Alicheka kwanza, ndiyo desturi ya ukoo. Kisha akanieleza kwamba kile cheupe kikipata umeme hujipinda, umeme ukigeuka nacho hugeuka, na huko kupindapinda kwa kasi ndiko sauti yenyewe.

"Sasa wewe umekishikiza ukutani," akasema. "Kitapinda wapi?"

Nikakibandua kwa kisu cha mboga, roho mkononi, maana kitu chenyewe hupasuka kama kigae. Kilitoka na alama ndefu kama ufa. Binamu akaniambia nikipime kinyume: nikiunge na kitaa chekundu cha redio mbovu, nifunge pazia, nikigonge kwa kidole, kwa sababu ukikipinda, chenyewe hutoa umeme. Nikagonga. Kitaa kikameta, kikazima. Nikagonga tena na tena, mtu mzima na ndevu zangu. Alama ilikuwa ya gundi tu.

Safari hii nilikigandisha ukingo peke yake, juu ya mdomo wa chupa ya soda, katikati kikabaki huru. Mama akabonyeza. Wimbo ukatoka kama mbuzi mwenye mafua, nikausikia hata nikiwa kwenye banda la kuku. Nilikimbia. Bandeji ilikuwa kavu. Daftarini: "Chai. Ya jana ilikuwa uji."

Tangu atoke hospitali, hiyo ndiyo chai ya kwanza niliyoipika bila kwenda kumchungulia mlangoni.