Nilizima Moto wa Shosho

Mimi ni mwongo, na naanza hapo ili msije mkanihurumia bure.

Kazi yangu ni kutembeza wageni katika boma alimokulia kiongozi mmoja mkubwa wa nchi hii, huku kwetu Nyeri. Nyumba ya mamake, ya udongo na nyasi, imehifadhiwa vile ilivyokuwa. Na kulikuwa na Shosho, ndivyo tunavyowaita nyanya huku, mjane aliyeolewa katika boma hilo akiwa msichana. Kila asubuhi aliwasha moto ndani ya nyumba hiyo, moshi upenye kwenye paa ufukuze mchwa.

Wageni wakalalamika. Ati macho yanawasha, ati nguo zinanuka. Nami, kwa kiburi cha cheti changu cha chuo, nikamwambia Shosho aache.

"Hii nyumba inakula moshi, mwanangu," akasema. "Ukiinyima, itakufa."

"Hayo ni mambo ya zamani, Shosho. Hapa mimi ndiye niko na kazi."

Mungu wangu! Nilimjibu hivyo mtu wa umri wa nyanya yangu. Tulikuwa wawili tu, na akatii.

Mvua ndefu zilipofika, boriti zilikuwa zimeliwa zikawa unga. Paa lote likaangukia kitanda alipozaliwa kiongozi! Wakubwa wakaja, wakauliza nani aliacha kuwasha moto. Nikaona kazi inaenda. Nikasema, "Ni Shosho. Siku hizi anasahau."

Alikuwa amesimama pale pale.

Laiti yangeishia kwa kumfukuza! Binti yake alimchukua kwake Mweiga, na uongo wangu ukamfuata huko. Wakaanza kumchunga kama mtoto mchanga. Wakamnyang'anya kiberiti. Jikoni haingii, shambani haendi peke yake. Mwanamke aliyekuwa akipasua kuni mwenyewe!

Chakula kilinikataa. Mwezi uliopita nikaenda, nikampigia Shosho magoti, binti yake akisikia, nikasema yote: nilikukataza, kisha nikakusingizia.

Shosho akanishika kichwa. "Wacha kunidanganya ndio nijisikie vizuri, mwanangu. Ni mimi nilisahau. Kila mtu anajua."

Niliapa! Nililia mpaka sauti ikakauka. Binti yake akanitoa nje taratibu, akanishukuru kwa moyo wangu mzuri. Moyo mzuri, mimi!

Nimewaandikia wakubwa barua nikakiri. Kazi waichukue, sijali tena. Lakini barua haitamfanya Shosho aziamini tena akili zake, na sijui nifanye nini. Kweli sijui.

Wewe unayesoma, kama umemsingizia mtu, rudi leo hii ukaseme ukweli. Aibu utaimeza. Rudi kabla hajakuamini.