Sanduku la Mjerumani Chini ya Jaruba Langu

Jaruba langu la mpunga liko mashariki ya Tabora, kando ya njia ya zamani ya misafara. Siku hizi njia hiyo wanapita ng'ombe na bodaboda. Mama mkwe ndiye aliyenikabidhi, na wanangu wamekulia wali wa hapo. Sina jingine.

Kiangazi kimoja akaja mtu wa mashine. Huku kwetu watu hawa hawaishi kuja. Wanazunguka na kidude kinacholia kikipita juu ya chuma, wanatafuta mali ambazo eti Mjerumani alizifukia alipokimbia vita. Kidude kikalia katikati ya jaruba langu. "Sanduku hilo," akasema yule bwana. "Rupia tupu." Akachukua jogoo wangu kuwa ada yake, akaenda zake.

Basi mume wangu akaharibika. Mtu aliyezoea kula, kusikiliza redio na kulala, sasa akawa anajenga maghorofa mdomoni. Mara lori, mara duka mjini, mara mimi nitavaa dhahabu mpaka shingo iume. Nilicheka kwanza. Halafu nikamwona ananoa sururu.

"Baba watoto," nikamwambia, "udongo wa chini pale umekanyagwa na ng'ombe wa mama yako miaka yote mpaka ukashikamana. Ukiutoboa, maji hayakai. Tutakula nini?"

"Nitafukia."

"Sufuria ikitoboka, unaifukia?"

Akaiegemeza sururu ukutani, nikadhani yameisha.

Nikaenda Tabora mjini kwenye msiba wa shangazi yangu. Niliporudi nikakuta shimo, na mume wangu yumo ndani, anaonekana kichwa na mabega. Juu ya tuta ameweka alichokipata: jembe lililolika hadi kubaki kipande, mpini umeshaoza. Lilikuwa la mama yake. "Alilitafuta sana hili," akasema, hanitazami. Alilikuta mapema, karibu kabisa na juu. Akaendelea kuchimba kwa sababu alidhani sanduku liko chini yake.

Nililia. Mawingu yalikuwa yameshaanza kujikusanya, na mimi nilikuwa na jaruba lililotoboka. Nilipomaliza kulia nikakasirika, na hasira yangu si ya siku moja. Kila jioni nilisonga ugali, nikapika mlenda. Akiuliza habari za wali namjibu, "Subiri, sanduku likifunguka."

Hakubishana. Alivunja kichuguu kilichokuwa nyuma ya nyumba, akabeba ule udongo kwa toroli, akaujaza shimoni, akaumwagia maji, akaukanyaga kwa miguu yake na kwa ng'ombe wa kuazima. Mvua ya kwanza ikanyesha, maji yakashuka yote. Akarudi kukanyaga. Nilimwona kwa mbali amepinda mgongo kama mama yake, nikamhurumia, ila sikumwambia.

Mvua kubwa iliponyesha tena aliniita asubuhi. Amekunja suruali, maji yamemfika kwenye mashavu ya miguu, yametulia. "Yanakaa," akasema. Moyo wangu ukapoa. Siku hiyo nilipika mchele wa mwisho uliokuwa ndani, kuonyesha nimeamini kwamba tutavuna.

Tulivuna. Mpunga haukuwa wa kujisifia, lakini ulitosha kutufikisha msimu mwingine, na mbegu ikabaki.

Wakati tunapeta akatokea yule bwana na kidude chake begani. Aliamkia vizuri, akaketi, akauliza kwa sauti ya chini kama tulilipata lile sanduku.

"Tulilipata," akasema mume wangu.

Yule bwana akasogeza kigoda. "Liko wapi?"

"Mama watoto, mpakulie mgeni."

Nikampakulia wali wa moto, mchele mpya, na maharage. Akautazama, akatutazama sisi, akautazama tena.

"Ndilo hilo," mume wangu akamwambia. "Karibu."

Alikula sahani mbili. Habari za jogoo wangu hakuzigusa.